Vita vya Mashine ya Sukari

Shangazi ana kisukari cha aina ya pili. Ramadhani ile alifunga kwa idhini ya daktari wake, dawa zikiwa zimepangwa upya kabla mwezi haujaandama, na kumi la kwanza likapita salama hapa nyumbani Ngamiani, Tanga.

Kisha wajukuu wakaja kutoka Dar es Salaam, na nyumba ikahamia usiku. Juu ya futari ya mihogo ya nazi na kaimati, ikazuka desturi ya pilau saa sita usiku, tamthilia zikiendelea. Shangazi, ambaye hutembea hadi msikitini kwa tarawehe, akaswali nyumbani ili akae na wajukuu. Akila anajinyoosha. Daku linamkuta hajalala.

Mashine yake ya kupimia sukari ikaanza kusoma 13, mara 14. Ami akabadilisha betri. Wifi akashuku vipande vya kupimia vimeingia unyevu. Ikaazimwa mashine ya jirani, nayo ikasema yaleyale. Ndipo tuhuma zikamgeukia mgonjwa: eti anakula kaimati kwa siri. Alipokuwa anaoga, sanduku lake likapekuliwa. Ndani mlikuwa na kanga na ubani tu. Alipojua, akafuturu chumbani peke yake, hasemi na mtu. Sanduku la mtu mzima hupekuliwaje, na saa ya ukutani haitazamwi?

Binamu yangu, muuguzi huko Muheza, alipokuja hakuuliza habari za kaimati. Aliuliza pilau linaliwa saa ngapi.

Akatukalisha busatini. Baada ya mlo, alisema, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari kutoka kwenye damu. Insulini hubisha hodi kwenye seli ya msuli, na vibebeo viitwavyo GLUT4, vilivyotulia ndani, hupanda kwenye utando wa seli na kuingiza glukosi. Mafuta yakirundikana ndani ya msuli, hodi haisikiki vizuri. Tena seli za msuli zina saa yake ya jeni, kama seli nyingi za mwili. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Nobel ya Tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha, kwa kuchunguza nzi wa matunda, jinsi saa hizo zinavyoendeshwa. Kwa kawaida mwili huitikia insulini vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, kwa hiyo sahani ileile hupandisha sukari zaidi ikiliwa usiku wa manane. Usingizi haba huzidisha usugu wa mwili kwa insulini.

“Kwa hiyo mwizi wa kaimati si mimi,” Shangazi akasema.

“Si wewe, Shangazi. Ila pilau lihame.”

Likahamia baada ya Magharibi, sahani ndogo, mchicha mwingi, na sufuria ya saa sita ikafutwa. Ami alinung’unika sana. Dawa hatukuzigusa; hizo alikwenda kuzungumza na daktari wake. Wajukuu wakapangiwa zamu ya kumsindikiza tarawehe, maana msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata bila kusubiri insulini. Hilo ndilo lililompendeza Shangazi kuliko yote: miguu yake mwenyewe ni sehemu ya tiba.

Mashine ikashuka hadi 8. Wifi akaenda kumwomba radhi. Shangazi alikubali kwa sharti moja, kwamba funguo za stoo ya mchele atazishika yeye mpaka Idi.