Bi Msasa Hakualikwa

Siku mbili kabla ya Idd, katika nyumba moja ya Sinza, Dar es Salaam, fundi alilaza brashi juu ya kopo akaenda kunywa chai. Mlango wa chumba cha watoto aliuacha nusu: juu mweupe unaong'aa, chini rangi yake ya zamani, imekolea mafuta ya viganja kuzunguka kitasa. Kopo na wenzake walipobaki peke yao, wakaanza kusemana.

"Saa moja tu," alijigamba Kopo, "na wageni watadhani mlango umetoka kwa seremala leo."

"Hiyo saa moja ndiyo itakayokuumbua," alijibu Bi Msasa, akiwa bado kwenye mfuko wa khaki kama alivyotoka dukani. "Umekaa juu ya masizi na jasho. Sabuni haikupita, kitambaa hakikupita, mimi sikuitwa. Rangi ya zamani ya mafuta inateleza; usipoikwaruza kwanza, mpya itashika wapi? Ukucha wa mtoto utakubandua kabla ya Idd Pili."

Kopo alinyamaza. Mzee Mlango akakohoa.

"Mimi ni mninga mtupu, wanangu, wa miombo ya Tabora. Kila sikukuu wananivisha kanzu mpya juu ya kanzu chafu. Sasa ni mnene, sifungi. Kingo zangu za juu na chini hakuna aliyewahi kuzipaka, hazionekani kwa wageni. Masika yakija unyevu unapenya huko, navimba, naikwaruza fremu. Wanasema mlango mbovu, wanamwita mtu na randa."

"Mninga!" Bi Msasa alipiga kelele. "Mbao ambayo wengine wanaidundulizia pesa miaka! Ilikuwa ikwanguliwe, ipigwe vanishi, basi. Nyie mmeifanya ifanane na friji."

"Mmmf," alisema Babu Kitasa.

"Anasema nini?"

"Anasema mmmf," alitafsiri Brashi. "Tundu la ufunguo limejaa rangi."

"Mmmf, mmf."

"Sasa anamtukana fundi."

"Hapana, anaomba bisibisi. Kumfungua ni skrubu chache. Hata Bawaba wamepakwa mpaka pini."

"Mmmf!"

"Hilo sasa ni tusi."

Brashi naye alikuwa ananuka petroli. Alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba thina ilionekana ghali, fundi akatumwa kituo cha mafuta akazimue rangi. Bi Msasa hakumwacha amalize. Petroli! Ndani ya chumba, dirisha limefungwa, jiko la mkaa linawaka uani, na usiku watoto walale humohumo wakivuta mvuke wake! Kopo lenyewe limeandikwa izimuliwe na nini. Limeandikwa pia ikae saa ngapi kabla ya mkono wa pili, na rangi ya mafuta kwa kawaida hutaka ilale usiku kucha. Fundi amepewa mchana mmoja kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo anisugue sasa hivi?" Mzee Mlango aliuliza.

Hapo Bi Msasa alishusha sauti. "Wewe, mzee, tabaka lako la chini ni la rangi gani?"

"Njano. Ya zamani sana."

"Basi asinisugue kwako nikiwa mkavu. Njano nyingi za zamani zilipata ukali wake kutoka kwenye madini ya risasi. Vumbi lake likitua sakafuni, mtoto anatambaa juu yake, analamba vidole, na risasi inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi za ndani ya majengo ni wa 1921! Marekani iliikataza rangi ya risasi majumbani 1978. Kikomo cha risasi katika rangi kinachoshauriwa leo ni sehemu 90 kwa milioni, na mwenye nyumba hii dukani aliuliza swali moja: ipi rahisi?"

Alikuwa amekwisha kukasirika. "Mzee wangu, usuguliwe kwa maji, kwa msasa unaostahimili maji. Tope lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kitupwe. Watoto na mwenye mimba wakae kwa jirani. Kisha praima, kisha rangi. Ni kazi ya siku tatu, si miujiza! Mapazia mapya pesa ilipatikana. Zulia likapatikana. Siku mbili za fundi ndizo zikaitwa wizi. Halafu mwezi ujao, rangi ikibanduka kama ngozi ya nyoka, mtamtangaza mtaa mzima kuwa ni tapeli!"

"Mmmf," alisema Babu Kitasa, na safari hii wote walimwelewa.

Fundi alirudi akifuta mdomo, akachovya brashi, akainamia nusu ya chini bila hata kuipangusa. Sauti ya mwenye nyumba ikatokea sebuleni: "Fundi! Ikibaki, ipitishie na swichi ya taa hapo pembeni, ifanane."

Swichi, aliyekuwa kimya muda wote, alitoa tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha.