Mwenye Kibali Kafunga, Mwenye Spika Yupo

Nilishikwa na kikohozi Jumapili, kile cha vumbi la kupura mpunga, ambacho ukikohoa mara moja tu kuku wanahama uani. Hapa kwetu Msangano kila mtu anakijua. Jumatatu nikajikongoja hadi duka la dawa baridi. Kufuli.

"Kaenda kufuatilia kibali," akasema muuza vitenge wa jirani.

"Kafuata wapi?"

"Huko huko wanakotoa."

Siku tatu! Na mimi nakohoa kama trekta la mkopo.

Najua, haliitwi tena duka la dawa baridi. Serikali ilianza mabadiliko hayo Ruvuma mwaka 2003, na sasa ni Duka la Dawa Muhimu: mtoa dawa awe amepitia mafunzo, kibali kionekane, na juu yao wote limekaa Baraza la Famasi. Sawa. Lakini kikohozi hakisomi sheria.

Alhamisi kufuli likatoka. Binti mwenye duka namfahamu tangu anatambaa, kwa hiyo nikaingia kwa kujiamini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipe amoksilini sita."

"Cheti kiko wapi?"

"Cheti cha nini, cha ndoa?"

"Cha daktari, baba. Na hata ukiwa nacho, dozi siigawi." Akanyoosha kidole ukutani, fremu inang'aa. "Kibali kile nimekihangaikia siku tatu. Nikipoteze kwa vidonge sita?"

Nikatoka nimenuna hadi gulioni. Hapo nikakuta pikipiki, spika juu yake, na kijana mwenye sauti ya mhubiri. Chupa moja inatibu kiuno, chango, miguu kuwaka moto, sukari, biashara iliyodorora na mke aliyenuna. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na inataka mganga asajiliwe. Nikamuuliza kama ana usajili. Akaongeza sauti ya spika.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mkaguzi akija, anaanzia penye bango, maana bango halikimbii. Binti wa watu ana fremu, ana rejista, ana mlango unaojulikana; akikosea herufi moja, anaulizwa. Mwenye spika ana magurudumu. Leo yuko kwetu, kesho Kamsamba, keshokutwa Tunduma anawauzia madereva wa malori waliochoka kupanga foleni ya kuingia Zambia. Utamkagulia wapi?

Kijana hakuniuliza cheti. Aliniita "mzee wangu", akanishushia kutoka elfu tano hadi elfu tatu. Basi nikanunua. Usinicheke. Mtu aliyekataliwa na binti aliyemwona akitambaa hununua chochote.

Ilikuwa na ladha ya tangawizi na majivu. Kikohozi kilibaki pale pale, tumbo likajiunga nacho. Ijumaa zahanati, tabibu akanisikiliza kifua, akasema ni vumbi na mafua, amoksilini haina kazi hapo. La haraka ni tumbo. Akaandika chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.

Nikarudi dukani na cheti nimekishika kama hati ya kiwanja. Binti akakisoma taratibu, mara mbili.

"Baba, si ulisema kikohozi?"

Sikumjibu. Chupa bado ninayo, imebaki zaidi ya nusu. Anayeitaka aje na elfu moja, ila aje usiku, sina kibali.