Wati 250

Jumatatu
Nimerudi kutoka zamu ya usiku nikaikuta baiskeli yangu ina mota. Habu ya gurudumu la nyuma imekuwa pana kama sahani ya pilau, nyaya zimezungushiwa tepu nyeusi mpaka kwenye usukani, na betri imekaa pale palipokuwa na chupa ya maji. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa amejilaza kwenye kochi, mikono imejaa grisi. "Zawadi hiyo, shem. Habari ya Jenkin Road imekwisha."

Jenkin Road ndiyo njia yangu ya kurudi nyumbani. Tour de France ilipokuja hapa Sheffield mwaka 2014 waliipanda, na kuna kipande chake mwinuko unafika asilimia 33. Wenzangu wale walikuwa na magari ya kuwafuata nyuma. Nilimshukuru shemeji.

Boksi limeandikwa wati 1,000. Chini kabisa, kwa herufi za mchwa: kwa matumizi ya ardhi binafsi pekee. Sisi ni wapangaji ghorofa ya pili. Ardhi yetu ni ndoo mbili za mchicha zilizoko barazani, na baraza ni la mwenye nyumba.

Jumanne
Nimeisoma sheria. Uingereza, chombo cha umeme kinahesabiwa baiskeli iwapo kina pedali zinazofanya kazi, mota yake haizidi wati 250 za kazi ya mfululizo, msaada wa mota unakatika kikifika kilomita 25 kwa saa, na anayekipanda ametimiza miaka 14. Hapo hudaiwi leseni, wala bima, wala namba. Kikizidi, ni pikipiki, hata kama kina kengele na kikapu. Na eksileta ya kidole gumba, isipokuwa na kibali chake maalumu, haitakiwi kukusukuma zaidi ya kilomita 6 kwa saa kama hupigi pedali.

Nilimsomea shemeji. Alisema kontrola ina waya mweupe. Ukiuunganisha, mwendo unajifunga kwenye 25. Ukiuchomoa, Mungu akulinde. Nikasogea mstari wa pili: ikiwa na swichi ya kuipitisha kikomo, bado si baiskeli.

"Basi tuukate huo waya usichomoke tena."

"Bado kuna wati 1,000, shemeji."

Alikwenda kulala.

Jumatano
Nimeipigia simu kampuni ya bima. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Namba ya usajili?"

"Haina. Ni baiskeli."

"Baiskeli haihitaji bima ya barabarani, mheshimiwa."

"Hii inahitaji."

"Basi nipe namba ya usajili."

Tulizunguka hapo mpaka chai yangu ikapoa. Namba haitolewi mpaka chombo kikaguliwe kama pikipiki, na sidhani mkaguzi atavutiwa na tepu nyeusi. Kabla ya kukata simu aliniuliza kama nimeridhika na huduma. Nilisema nimeridhika.

Alhamisi
Nimetoka kazini na baiskeli mkononi. Kuiacha ghalani hawataki kwa sababu ya betri, kuipanda sheria haitaki, kwa hiyo nimeisukuma Jenkin Road. Zamani nilikuwa nasukuma baiskeli. Sasa nasukuma baiskeli, mota na betri.

Askari alisimamisha gari lake. "Mbona unaisukuma? Betri imekwisha?"

"Imejaa."

"Sasa?"

"Haina bima."

Alinitazama kwa muda. Inaonekana si jibu analolipata mara kwa mara. Akaomba kuiona, akainua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na kubonyeza eksileta kwa mwingine. Gurudumu lilivuma, na tope lote la mtaa wa chini likahamia kwenye koti lake. Alisema, huku akijipangusa, kwamba angenikuta juu yake angeichukua palepale, kisha pauni 300 na pointi sita kwenye leseni kwa kuendesha bila bima. Nilimwambia ndiyo maana nasukuma. Akasema endelea kusukuma.

Nyumbani nilimsimulia shemeji, ambaye alipata leseni ya gari mwaka jana. Alicheka sana mpaka nilipomweleza kwamba dereva wa chini ya miaka miwili akifikisha pointi sita leseni inafutwa, na kwamba pointi hizo haziulizi kama ulizipata ukiwa kwenye gari au kwenye baiskeli. Kumbe kabla ya kunipa zawadi aliijaribu, akaenda nayo mpaka Meadowhall.

Ijumaa
Shemeji amelipeleka suala kwenye kundi la WhatsApp la familia. Binamu wa Ohio ametuma ujumbe wa sauti, nyuma yake mashine ya kufulia inanguruma: sheria ya taifa ya Marekani ya mwaka 2002 inafika chini kidogo ya wati 750, kwa hiyo Waingereza wanaonea watu. Wa Ontario anasema kwao ni wati 500 na kilomita 32 kwa saa. Wa Ujerumani anasema huko wapo wanaokwenda 45, ila wana kibao cha bima nyuma na helmeti kichwani. Shangazi ametuma maua.

Mjomba wa Tanga aliuliza swali la maana: hiyo 250 aliichagua nani? Nikaandika kwamba kanuni za 1983 ziliweka wati 200 na uzito usiozidi kilo 40. Mwaka 2015 uzito ukaondolewa na wati zikapandishwa kuwa 250. Mjomba akajibu: "Miaka 32, wati 50. Msiwaharakishe."

Usiku shemeji alikuja na kikokotoo. Kumbe ametafuta mota halali, yenye kibandiko cha wati 250. Kontrola yake ni ya volti 36 na ampea 15. "Zidisha," akasema. Inatoka 540. Nilizidisha tena kwa karatasi. Imetoka 540.

Maelezo yake ni kwamba 250 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kuungua, na ndiyo inayoandikwa. Mlimani, kwa dakika chache, inaruhusiwa kuvuta zaidi, na wala hakuna anayeficha. Kwa hiyo mota mbili zinaweza kuvuta sawasawa kwenye mlima mmoja, moja ikawa baiskeli na nyingine pikipiki, kwa kilichoandikwa kwenye bati lake. "Ulitaka wati," akasema shemeji, "kumbe ulikuwa unahitaji karatasi."

Jumamosi
Mota halali imefika. Shemeji ameifunga, safari hii bila eksileta, na ameuza ile ya 1,000 kwa mtu mwenye shamba. Amemtaka amtumie picha ya shamba.

Nimepanda. Mimi, baiskeli na mkoba ni kama kilo 100. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, kwa kilomita 10 kwa saa, hesabu inadai wati 270 hivi kushinda mlima peke yake. Mota ilitoa zake, miguu ikatoa zilizobaki. Kwenye kipande cha 33 mota ilinguruma, cheni ikaruka, nikashuka. Mzee aliyekuwa akimtembeza mbwa alinipita na kunisalimu. Nilisukuma, ila sasa kihalali.

Jumapili
Mvua usiku kucha. Asubuhi nimekuta kibandiko kimevimba, na nilipokigusa kilibaki kidoleni. Sheria inataka chombo kioneshe nguvu ya mota au jina la aliyeitengeneza mota hiyo, pamoja na volti za betri au mwendo wake wa mwisho. Vyote vilikuwa kwenye kibandiko hicho. Sasa nina mota ileile, betri ileile na mlima uleule, na cha kumwonesha askari ni karatasi iliyolowa.

Nilimpigia shemeji. Amesema nisihofu, kazini kwao kuna mashine ya kuchapa vibandiko visivyoingia maji. Nimwambie tu niandikiwe wati ngapi.