Bomba Lisilobisha Hodi
Gesi asilia, yaani hewa iwakayo inayochimbwa ardhini, iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam kwa bomba kuu ambalo, kwa adabu zote, huwapitia wanavijiji wengi chini ya miguu bila kubisha hodi. Wataalamu hueleza, na kwa kweli hawakosei, kwamba gesi ya bomba kuu ina mgandamizo mkubwa mno kwa jiko la nyumbani, hivyo hulazimu kujengwa kituo cha kuushusha, kutandazwa mabomba madogo ya plastiki na kufungwa mita kila nyumba, gharama isiyorudi upesi pale ambapo nyumba zimetawanyika na mkaa hununuliwa kwa mafungu. Hata hivyo kijiji hakikusahauliwa kabisa, kwani kimepewa mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa juu ya bomba, ambamo haruhusiwi mtu kujenga, kupanda mti wala kuwasha moto. Katazo hili la mwisho ni la busara, ingawa mama anayeuvuka mkuza huo na mzigo wa kuni kichwani anaweza kudhani anataniwa. Lengo la taifa ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na katika vijiji vingi vya njiani nishati hiyo, ikifika, hufika ndani ya mtungi uliofungwa nyuma ya bodaboda, ukiwa na gesi iliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo.