Mnara wa Taa Juu ya Kabati

Meli ya mfano ikikaa peke yake juu ya kabati haina wa kuisuta. Hakuna anayeuliza mbona milingoti minene, wala mbona ngazi ya ubavuni inamfaa jitu. Inasifiwa, inafutwa vumbi siku ya kuamkia Idi, basi. Yangu iliishi kwa raha hiyo mpaka shemeji yangu alipokuja kunywa chai, akaitazama mikono iko mgongoni, akasema: "Nzuri, shemeji. Lakini hapa iko wapi? Ipo safarini au imeshafika?"

Swali la haki, ingawa muulizaji mwenyewe hajawahi kuunda hata mwiko.

Meli yenyewe ni Glasgow ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoziangamiza merikebu zake bandarini Unguja, aliagiza meli ya kisasa Uskochi, kwa waundaji wa Denny mjini Dumbarton, ikashushwa majini mwaka 1878. Ilikuwa na milingoti mitatu na dohani, yaani ina upepo na ina moshi, lakini umri wake mwingi iliumaliza nangani mbele ya mji. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita vya dakika zisizotimia hamsini baina ya Sayyid Khalid bin Barghash na Waingereza, ilithubutu kuifyatulia manowari St George kwa mizinga yake midogo. Ikajibiwa, ikazama palepale. Tena haikuzama kwa heshima: maji yalikuwa haba, milingoti ikabaki imechomoza mbele ya mji hadi mwaka 1912.

Kwa hiyo, kama ni kuitafutia jirani, jirani wa halali alikuwapo. Mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, upande wa pwani, ulisimama mnara wa taa, nao ulipata sehemu yake ya mabomu asubuhi ileile. Majumba yalipotengenezwa upya mwaka uliofuata, saa ikapewa mnara katika uso wa Beit al-Ajaib, na mnara wa taa ukaondoka duniani. Nikaona: waliopigwa pamoja, wakae pamoja kabatini.

Meli nimeiunda kwa kipimo cha moja kwa mia. Mita moja ya kweli ni sentimita moja ya mbao. Mnara nao lazima ufuate. Lakini mikononi sikuwa na mchoro, nilikuwa na picha ya zamani tu, na katika picha hiyo, chini ya mnara, mtu aliyevaa kanzu. Mpwa wangu, kijana wa sekondari, akafurahi: mtu mzima ana kama mita moja na sabini, basi tukijua mnara ni watu wangapi, tumemaliza. Akapima kwa rula. Kabla sijaandika jibu akasema, "Ngoja, mjomba. Huyu amesimama karibu na kamera kuliko mnara. Aliye karibu huonekana mkubwa, kwa hiyo mnara ni mrefu zaidi." Nikafuta. "Au labda ni mtoto." Nikafuta tena. Mnara ule ulipanda na kushuka kama bei ya samaki mpaka nikamkataza kumjadili yule mtu, Mungu amrehemu, hakujua kwamba siku moja atageuzwa rula. Tukahamia kwenye ghorofa za Beit al-Ajaib, ambazo angalau hazina utoto.

Ukafika wakati wa kuujenga. Bomba la maji la plastiki ndilo la kwanza kumjia kila mtu akilini, na halifai, kwa sababu minara mirefu ya taa kwa kawaida huanza pana chini na kupungua kadiri inavyopanda, uzito ukae chini, upepo na bahari visipate pa kushika. John Smeaton, aliyejenga mnara wa Eddystone nje ya pwani ya Uingereza mwaka 1759, alilichukua umbo hilo kutoka kwenye shina la mwaloni. Bomba halijui mwaloni. Linataka bati, na bati la umbo hilo halikatwi mstatili. Hukatwa kipande cha duara, kisha likakunjwa. Mpwa akafanya hesabu ya kipande hicho kwa kanuni zote za shuleni, akakata, akakunja, kingo zikakataa kukutana.

Nikaenda kwa fundi bati. Huyu hana kanuni hata moja. Aliitazama karatasi yetu, akaiweka kando, akachora kwa msumari juu ya bati, akakata, akagonga, kingo zikakutana bila ugomvi. Maisha yake yote anatengeneza faneli na majiko, na mnara wa taa, ukiutazama kwa jicho lake, ni faneli iliyopinduliwa. Nilipopitia jioni kuuchukua nikaukuta tayari, umeng'arishwa, na ubavuni ameuwekea mkono wa kushikia.

"Hilo sitozi," akasema.

Kuuvunja mkono mbele yake lingekuwa tusi. Niliubeba mnara kwa mkono huohuo hadi nyumbani, na kwa kweli ulibebeka vizuri.

Chokaa ilikuwa fikra yangu, kwa heshima ya mji. Chokaa hupenda jiwe. Bati haina habari nalo. Iliposhika moto wa mchana ikaanza kubabuka, na kabati letu liko juu ya meza ya kulia. Mke wangu alipookota kipande cha pili ndani ya mchuzi, mnara ukapakwa rangi ya mafuta.

Sasa taa. Kwa kipimo chetu, taa ya ledi ya milimita tano ni sawa na tufe la nusu mita, kiasi cha kutosha kuwa fanusi la mnara. Tatizo halikuwa ukubwa, lilikuwa mwendo. Minara ya taa haiwaki ovyo. Hutofautishwa kwa mapigo yake, huu humeta mara moja na kunyamaza, ule mara mbili, ili nahodha gizani ajue yuko mbele ya mnara upi na asije akaingia kwenye mwamba wa watu. Nikamweleza hayo fundi redio. Akaitikia kwa kichwa, akanifungia flasha ya bajaji.

Usiku ule tulizima taa zote za sebuleni. Mnara ukawaka rangi ya chungwa: tiki, taka, tiki, taka, kwa sauti iliyoshinda televisheni. Watoto wakapiga makofi. Jirani aliyekuwa mlangoni akautazama kwa makini, akauliza, "Unakunja kulia?"

Flasha tumeibadilisha na taa imekuwa nyeupe, lakini iliyoharibika hasa ni meli. Tangu mnara usimame kando yake, kila kitu ndani yake kinasutwa. Reli za sitaha nilizitengeneza kwa njiti za kibiriti, unene milimita mbili. Kwa kipimo hicho ni sentimita ishirini, na hakuna baharia mwenye kiganja cha kuzishika. Bendera inatosha kufunika forodha. Nimeanza kuzing'oa reli moja moja kwa koleo.

Mpwa hakunisaidia. Alikuwa amekaa na ile picha na rula yake.

"Mjomba," akasema, "mbele ya mnara kuna meli. Nyuma yake kuna nini?"

Mke wangu akawahi kujibu kutoka jikoni: "Nyuma yake kuna ukuta."