Jinsi ya Kuwa "Busy" kwa Kiingereza Sanifu

Kukwepa watu kwa Kiswahili ni kazi, mwenzangu. Ukisema una shughuli, unaulizwa ni harusi au kipaimara, na mchango ni shilingi ngapi. Ukisema umebanwa, unaulizwa nani kakubana. Basi tuwaazime Waingereza kivumishi chao, "busy". Ila ukikitumia ovyo utaumbuka, kwa hiyo nifuate.

1. Matamshi. Kinaandikwa kwa u, kinatamkwa kwa i: bizi. Ukisema "buzi" umeshajitangaza, na wachunaji watakufuata hadi nyumbani. Chanzo chake ni kwamba tahajia ilitoka lahaja moja ya Uingereza ya kale na matamshi yakatoka nyingine. Neno linaloandika hili na kusema lile! Litakufaa sana.

2. Mtenda. Sarufi inataka "I am busy". Wengi wetu huandika "Am busy", na mwalimu hukata alama. Ushauri wangu: kwa bosi, weka hiyo I. Kwa anayekudai, iache. Sentensi haina mwenyewe, atamshika nani?

3. Hapa tulia, maana ndipo wengi wanaponaswa. Baada ya "busy" usiweke "to" na kitenzi. "I am busy to cook" si Kiingereza. Sema "busy cooking", au tumia "with" na nomino: "busy with work". Zote mbili ni sahihi, na zote mbili ni hatari, kwa sababu zinataja kazi, na kazi iliyotajwa hukaguliwa. Andika "busy cooking" saa sita mchana uone kama shemeji hajaja na njaa yake. Chagua kitenzi kisichotoa harufu: "I am busy finalising the report." Ripoti ipi? Ofisini hakuna anayeuliza, asije akapewa aisome. Mabingwa lakini huweka nukta tu: "I am busy." Kiingereza kinakiruhusu kivumishi hiki kusimama peke yake, bila sababu wala shahidi. Ukaupate wapi tena upole wa namna hiyo?

4. Kulinganisha. Y inageuka i: "busier", "busiest". Mwenzio akikwambia yuko busy, mjibu "I am busier", mmemalizana. "Busiest" mwachie mkuu wa idara, asije akanuna.

5. Vitu navyo huwa busy. Barabara, soko, hata shati. Mwingereza akiliita shati lako lenye maua, mistari na kasuku "busy", usishukuru, hajakusifu. Simu inayotumika, Mmarekani ataiita "busy". Mwingereza amezoea "engaged", neno ambalo pia ni la aliyechumbiwa. Usimwambie mpenzi wako kwamba jana usiku kucha ulikuwa "engaged".

6. Kabla ya kutuma, zima tiki za bluu WhatsApp, na status usiiguse. Sarufi haiwezi kumwokoa aliyeandika "I am busy" kisha akaweka picha ya nyama choma na chupa mbili mezani. Ikishatokea, futa picha na useme ulikuwa "busy with a client". "With" na nomino, umeona? Na huyo mteja, mpe jina kabla hujafika nyumbani.