Mtu wa Fildi Akae Wapi?

Kila anayeingia ofisini kwetu hapa Mtae anaanza na mimi. Si kwamba nina cheo. Dawati langu limewekwa koridoni, pale mlango wa mbele unapofungukia, na jengo halina njia nyingine ya kupitia. Ni dawati la shule ya msingi, lile la kukalia watoto wawili, kiti na meza vimeungwa pamoja kwa chuma. Mtu mzima akijipenyeza humo magoti yanamgusa kidevu. Mzee akiingia, shikamoo. Bibi akiingia na kesi yake ya mpaka, shikamoo. Ikifika saa tatu nimeshatoa shikamoo za kunitosha hadi Pasaka, na kazi niliyokuja kujifunza sijaiona hata kisigino.

Nimekuja fildi. Kwenye barua ya chuo wameandika "mafunzo kwa vitendo", lakini hapa jina langu ni Wa Fildi. "Wa Fildi, maji ya chai yamechemka?" "Wa Fildi, hebu muulize yule mzee anamtaka nani." Ofisi yenyewe siitaji. Fomu yangu ya tathmini bado haijajazwa, na mwenye kuijaza anasoma magazeti.

Nasoma utunzaji wa kumbukumbu. Kwa wasioijua kazi hiyo: barua ikiingia inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inatafutiwa jalada lake, inapewa namba ya folio, halafu jalada linapanda kwa bosi. Bosi anaandika dokezo, jalada linashuka kwa afisa mhusika, afisa naye anajibu kuwa folio 14 hapo kinyume yahusika, na safari inaendelea. Hayo unayakariri kwa jioni moja. Ugumu uko kwingine. Barua ya mtu anayelalamikia shamba la mirathi inaingia jalada la ardhi au la malalamiko? Barua ya siri iliyokuja ndani ya bahasha ya kawaida, ukishaifungua unaifanyaje? Majibu hayamo kwenye kitini. Yamo kichwani mwa dada wa masijala, na dada wa masijala yumo chumba cha mwisho kushoto, nyuma ya mlango uliokatwa nusu, ambao kipande chake cha juu huachwa wazi siku ya jua. Hapa ni Julai. Jua la asubuhi ni tetesi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, kule ambako mtu akifunga mlango mchana majirani wanauliza kuna nini. Nilipopanda basi Lushoto tukapita Magamba, Lukozi, Malindi, Manolo, Sunga, kila kituo nikiongeza nguo, sikujua naelekea kwenye nchi ya milango iliyofungwa. Siwalaumu. Mtae imekaa kwenye ukingo kabisa wa Usambara; ukidondosha kokwa la pichi nyuma ya ofisi hujui litasimamia wapi, pengine huko chini kwenye tambarare za Mkomazi. Upepo wa kutoka huko unapanda bila kubisha hodi na kuingia koridoni, yaani kwangu. Walio vyumbani wanafunga milango ili usiwafikie. Kwa hiyo mimi napata upepo wote na maneno nusu. Nasikia "…lakini huyo si alishalipwa…" halafu mlango unafungwa. Nasikia bosi akisema "Usiandike hivyo, andika…" na mlango unafungwa tena. Niandike nini, jamani? Hilo ndilo nililotoka nalo Tanga kuja kuliuliza!

Kwa haki nitaje niliyojifunza. Nimejifunza kusema "yuko kikaoni", "katoka kidogo", "mtandao unasumbua" na "njoo kesho", tena kwa sauti ya mtu aliyeajiriwa. Namjua mhasibu kwa viatu vyake kabla sijamwona. Najua nani anakunywa chai bila sukari kwa amri ya daktari na nani anamletea sukari kwa siri. Haya yote nimeyapata kwa sababu ya pale nilipokaa, na hapo ndipo ninapotaka tusikilizane: mwanafunzi anajifunza kinachopita mbele ya kiti chake. Mwekeni karibu na birika, atahitimu kwenye chai.

Msidhani nimeyatunga kwa ajili ya baridi. Mwaka 1972 mtafiti mmoja wa Marekani, Hannah Meara Marshall, aliandika habari za vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya bucha kwenye maduka makubwa ya kule. Walipangiwa kufunga vipande vya nyama kwenye mashine, na mashine ile iliwekwa mahali ambapo kijana hawezi kuwaona mafundi wakikata. Wakafunga nyama mpaka wakabobea, kisu wakabaki kukisikia. Miaka 19 baadaye Jean Lave na Etienne Wenger walikirudia kisa hicho kwenye kitabu chao kuhusu watu wanavyojifunza kazi. Nilipokisoma nilitamani kuwaandikia wale vijana barua ya pole, niipigie mhuri, niipe folio.

Naye Thomas Allen wa chuo cha MIT alipima jinsi wahandisi wanavyozungumza kazini, akatoa kitabu mwaka 1977. Aliona kwamba kadiri meza zinavyoachana, mazungumzo yanapungua kwa kasi, na zikiachana mita 50 hivi ni kama watu hawafahamiani. Kati yangu na masijala sidhani kama zinafika mita 15. Allen hakuweka kwenye hesabu zake ukungu, mlango wa mninga na mtu anayeona aibu kugonga mara ya pili.

Najua kuna watakaosema tubomoe kuta. Hapana, asanteni. Wajerumani waliofika milima hii enzi za misheni, miaka ya 1890, walijenga kuta nene, na kwa baridi hii walikuwa na akili. Wajukuu zao ndio waliokuja kugeuka: mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na Hamburg, ndugu wawili wa ukoo wa Schnelle walianza kupanga ofisi zisizo na kuta, meza zimetawanyika ukumbini na maua ya kwenye vyungu katikati, ili watu waongee. Dunia ikaiga. Kisha mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard wakapima makampuni mawili yaliyobomoa kuta, wakakuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70. Watu wakawa wanaandikiana ujumbe na mtu waliyeweza kumgusa. Ukuta ukiuondoa, mtu anajijengea mwingine kichwani.

Kinachoniuma mimi ni kwamba ofisi yetu ina ukumbi wa wazi tayari. Ila tu hauko kwenye ramani. Ikifika kama saa nne, ukungu ukiachia, jua linapiga ukuta wa nyuma. Basi mlango mmoja unafunguka, kisha wa pili, kila mtu anatoka amebeba kiti chake na kikombe. Bosi, mhasibu, dada wa masijala, afisa ugani akiwepo, wote wanajipanga mgongo ukutani kuota jua. Hapo ndipo ofisi inapofanya kazi. Hapo ndipo inapojulikana barua ya wilayani ijibiwe leo au isubiriwe ukumbusho, na yule mzee wa mpaka kwa nini jalada lake lina juzuu ya pili. Dada wa masijala ambaye ndani ni mkali, juani anafundisha kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mimi je? "Wa Fildi, kaa hapo hapo, asije mgeni akakuta ofisi tupu."

Nakaa. Nalinda vyumba visivyo na watu dhidi ya wageni ambao nao, kwa kuwa ni wenyeji, hawapiti kwangu tena saa hizo. Wanazunguka nyuma moja kwa moja kwenye jua.

Nikitoka kwenda sokoni kununua viazi ndipo ninapokasirika sawasawa. Kuna fundi cherehani barazani pa duka moja, na kijana wake amekaa naye benchi moja, bega kwa bega. Fundi akikosea anasonya, kijana anajua kilichokosewa. Mteja akilalamika suruali inabana, kijana anasikia malalamiko na anasikia uongo anaojibiwa. Hana logibuku wala barua ya chuo. Juzi nimemkuta anaweka zipu peke yake.

Zamani angalau wa fildi alibeba majalada. Wakubwa wanaudharau ubebaji, kumbe ilikuwa shule: kutoka masijala hadi kwa bosi, mwenye macho mepesi angesoma madokezo mawili matatu njiani na kujua wakubwa wanavyosemezana. Sasa serikali inahamishia majalada kwenye mfumo wa e-Ofisi, na mimi sina nywila. Siupingi mfumo. Ila dokezo linalopita hewani juu ya kichwa changu halinifundishi kitu.

Nilijaribu kumweleza msimamizi wangu Ijumaa, siku ya kusaini logibuku. Nikamwambia, "Shikamoo bosi, naomba nisogezwe karibu na masijala." Akacheka kwa upole, akasema, "Mwanangu, sisi tulijifunza tukiwa tumesimama." Akasaini wiki nzima bila kufungua kurasa. Kwenye sehemu ya nilichojifunza niliandika "upokeaji wa wageni". Hilo hakuna anayeweza kulipinga.

Basi jana likatoka tamko. Kuna ugeni unakuja kutoka wilayani, na imeonekana dawati langu linaharibu mwonekano wa korido. Nihamie stoo. Mhudumu alinipeleka kwa huruma, kama anayempeleka mtu kwa kaka yake mkorofi. Kuna majembe ya msaragambo, masanduku ya kura ya zamani, viti vya miguu mitatu na panya mmoja asiye na wasiwasi. Kuna pia dirisha dogo lenye kioo kilichopasuka, limezibwa kwa boksi la sabuni. Nilipolisogeza boksi kidogo nikaona visogo. Kisogo cha mhasibu, kofia ya sufu ya bosi, kilemba cha dada wa masijala, vyote hatua moja kutoka puani kwangu, na dada anaeleza kwa kituo kwa nini barua ya mirathi haiendi jalada la ardhi.

Nikarudi koridoni nikiwa nimenuna. Nikalalamika kuhusu panya, nikalalamika kuhusu vumbi, nikauliza kama kweli hii ni haki. Wakanisihi nivumilie. Nimewaambia nitajitahidi, na leo asubuhi dawati nimelibeba mwenyewe kabla hawajabadili mawazo.